Sura ya Nne: Kibaba cha Mfuto na Kibaba cha Tele

Katika nyumba niliyolelewa palikuwa na kibaba cha bati, kilichobonyea ubavu na kuchakaa ukingo, ambacho bibi yangu alikihifadhi juu ya pipa la mchele kama watu wengine wahifadhivyo ufunguo wa sanduku la dhahabu. Hakuna asubuhi hata moja niliyomwona akiteka mchele kwa mkono mtupu au kwa kukisia kwa jicho: alichota, akainua, kisha akapitisha kiganja juu ya ukingo taratibu mpaka mchele ukawa sawasawa na bati, na punje zilizozidi zikarudi pipani. Kipimo hicho ndicho watu wa pwani waitacho kibaba cha mfuto, nacho ndicho kilichotulisha siku zote za kazi. Lakini siku ya Idi, au alipotufikia mgeni kutoka safari ya mbali, au mtoto alipozaliwa salama, kiganja cha bibi hakikupita juu ya ukingo. Mchele uliachwa uinuke na kufanya kilele kama kichuguu kidogo, na kipimo hicho kikaitwa kibaba cha tele. Katika utoto wangu nilidhani tofauti ya vipimo hivi viwili ni tofauti ya dhiki na neema. Nilipokuwa mtu mzima, baada ya mwili wangu kuwa mzigo kwa magoti yangu na pumzi zangu, ndipo nilipotambua kwamba yule mwanamke, ambaye hakupata kusomea utabibu hata siku moja, alikuwa ameshika mkononi elimu ambayo mimi nilikuwa nikiitafuta mbali.

Neno la sura hii ni moja, nami nalitanguliza ili msomaji alijue mapema. Uzito wa mwili hautawaliwi na siku chache ambazo mtu hujitesa kwa njaa, wala hauharibiwi na siku chache ambazo huketi karamuni. Hutawaliwa na kipimo cha zile siku nyingi zisizo na jina, ambazo hakuna azikumbukaye, na ambazo mtu hula kama alivyozoea pasipo kufikiri. Anayetaka kupungua, na akipungua asirudie hali yake ya kwanza, hana budi kuyatengeneza mazoea yake ya kila siku, maana azma huchoka na kulala mapema, lakini mazoea ni bawabu akeshaye mlangoni usiku na mchana.

Si jambo jepesi kulizungumza jambo hili kwetu. Tumerithi lugha inayoupa unene heshima: kumwambia mtu kwamba amenawiri ni salamu njema, kitambi cha mwanamume kimehesabiwa miaka mingi kuwa dalili ya neema, na wembamba wa ghafla, hasa tangu maradhi ya ukimwi yalipoingia katika nchi zetu, umetazamwa kwa hofu na kusemwa kwa minong'ono. Siwadharau wazee wetu kwa mawazo hayo, maana waliishi katika nyakati ambazo mvua ikikosekana ghala huwa tupu, na mwenye nyama mwilini alikuwa na akiba ya kuvukia miezi ya njaa. Lakini hali imebadilika haraka kuliko fikira zetu. Takwimu za afya za taifa zilizokusanywa Tanzania zilionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, waliokuwa na uzito uliozidi kiasi walikuwa 18 mwaka 2004 na 2005, wakawa 22 mwaka 2010, na wakafika 28 mwaka 2015 na 2016. Nyuma ya hesabu hizo yamefuatana kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, na yale maumivu ya magoti ambayo mama zetu huyaita uzee ilhali mara nyingi ni mzigo.

Matabibu wana njia nyepesi ya kupima hali hiyo, iliyotokana na hesabu za Mbelgiji mmoja wa karne ya 19 aitwaye Adolphe Quetelet: chukua uzito wako kwa kilo, uugawe kwa kimo chako kwa mita, kisha uugawe tena kwa kimo kile kile. Likipatikana jawabu la 25 au zaidi, uzito umezidi. Likifika 30, ni unene wenye hatari. Mtu mwenye kimo cha mita 1.60 na uzito wa kilo 70 atapata 27 na kitu, naye angekuwa na kilo chini ya 64 angekuwa ndani ya mpaka. Tazama jinsi masafa yalivyo mafupi: kilo 6 na ushei tu, ambazo mtu aghalabu huzikusanya kwa miaka mingi pasipo kujua siku zilipoingia. Zilivyoingia kimya kimya, ndivyo zipasavyo kutolewa.

Mimi sikutaka kimya wala taratibu. Nilipoona nguo zimenibana niliishi karibu mwezi mzima kwa matango, maji ya ndimu na kipande cha papai, nikapungua kilo sita, nikasifiwa na kila aliyenipa mkono. Na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimezirejesha zote sita na mbili nyingine juu yake. Nilijilaumu kwa muda mrefu, nikidhani nafsi yangu ni dhaifu kuliko nafsi za wenzangu, mpaka niliposoma habari za jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, vita vikuu vya pili vilipokuwa vikielekea mwisho. Vijana 36 wenye siha njema, ambao walikataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao, walijitolea wapunguziwe chakula ili mtaalamu Ancel Keys na wenzake wajue namna ya kuwahudumia watu walioteswa na njaa huko Ulaya. Kwa miezi sita walipewa chakula cha kalori kama 1,570 kwa siku, nacho kilikuwa kingi kuliko matango yangu, wakaamriwa na kutembea maili 22 kila juma. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini pamoja na nyama walipoteza furaha, subira na hamu ya mazungumzo. Walihisi baridi hata katika jua, waliota chakula usingizini, na baadhi yao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama wachamungu wasomavyo nyiradi. Na walipofunguliwa walikula wasishibe, hata mafuta ya miili ya wale walioendelea kuchunguzwa yakazidi yalivyokuwa kabla ya jaribio. Vijana hao hawakuwa wanene walipoanza, wala hawakuwa dhaifu wa nafsi, maana waliostahimili kudharauliwa na taifa zima kwa ajili ya imani yao hawawezi kuitwa dhaifu. Ni mwili uliokuwa ukijitetea.

Namna mwili unavyojitetea ilidhihirika zaidi mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake walipogundua huko New York homoni iliyopewa jina la leptini. Homoni hiyo hutoka katika mafuta ya mwili yenyewe na kuupelekea ubongo habari za akiba iliyopo. Mafuta yakipungua kwa ghafla, habari nazo hupungua, na ubongo hufahamu kwamba nchi imeingia njaa. Basi huongeza tamaa ya kula na kubana matumizi ya nguvu, kama mtawala mwenye busara afungavyo ghala wakati wa kiangazi. Mtu ajinyimaye kwa ukali anashindana na mlinzi aliyewekwa na Mola kumhifadhi, na katika shindano hilo mara nyingi mlinzi hushinda. Njia iliyo salama ni ya kiasi kidogo kisichomshtua mlinzi, kikafanywa leo na kesho na mwaka kesho.

Msomaji anayetaka ushahidi ulio karibu zaidi na autazame mwezi wa Ramadhani, ambao kwa watu wa pwani ni mwezi mtukufu kuliko yote. Mtu hukaa saa 13 na zaidi bila tone la maji kinywani, na mwenye kudhani kwamba njaa peke yake huondoa unene angetarajia kwamba siku ya Idi watu wote watakuwa wamepungua. Lakini wangapi miongoni mwetu hutoka katika mwezi huo kanzu zikiwa zimewabana kuliko zilivyokuwa katika Shaabani! Jua likizama, tende na uji wenye pilipili manga hufuatwa na mihogo ya nazi, magimbi, ndizi mbichi za tui, mbaazi, tambi za sukari, kaimati zilizochovywa katika shira, sambusa na vitumbua. Baada ya tarawehe huja chajio kamili, na usiku wa manane daku, nalo huliwa kwa khofu ya kesho. Hivyo mchana wa kujizuia hulipwa na usiku wa israfu, na saumu, ambayo ni madrasa ya kiasi, ikageuzwa kuwa mlango wa shibe. Kosa si la saumu. Dini yenyewe imefundisha tumbo ligawanywe mafungu matatu, moja la chakula, moja la maji, na moja liachiwe pumzi. Na mtu aliyefungua kwa tende tatu, maji na bakuli la uji, akasali, kisha akarudi kula chakula kimoja kwa utulivu, atakuta kwamba njaa kubwa aliyodhani itamtaka sinia zima imekwisha kutulia. Ramadhani inatufunza jambo ambalo Minnesota ilifunza kwa taabu: saa za kujinyima hazina faida ya kudumu ikiwa saa za kula hazina kipimo.

Sasa na tuingie jikoni, na tuanzie kwenye birika la chai. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi tumelitumia neno hilo kwa fedha na tukasahau kwamba kibaba ni kipimo cha chakula. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Mtu atiaye vijiko vitatu katika kikombe, akanywa vikombe vinne tangu asubuhi mpaka jioni, amekula gramu 48 kwa siku. Na kwa mwaka mmoja amekula kilo 17 na nusu za sukari katika chai peke yake, kabla hatujahesabu halua, keki, soda na kashata. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu zote za chakula, yaani kama gramu 50 kwa mtu alaye kalori 2,000, na kwamba ikishushwa hadi nusu ya hapo itakuwa bora zaidi. Basi mnywaji wetu wa chai amekwisha kuujaza mpaka wake kwa birika tu, na chupa moja ya kola ya mililita 330, yenye sukari ya gramu 35, humvusha ng'ambo.

Simwambii msomaji aamke kesho anywe chai chungu, maana hilo ni matango yangu kwa sura nyingine. Namwambia apunguze nusu kijiko, akae nacho majuma mawili au matatu mpaka ulimi usione tofauti, kisha apunguze nusu nyingine. Na katika muda huo aizidishie chai iliki, tangawizi, mdalasini au mchaichai, maana viungo huupa ulimi shughuli ambayo zamani ilifanywa na sukari. Ulimi ni mwanafunzi msikivu ukifundishwa taratibu. Wazee wa barazani hunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, na utamu wake wakautafuta katika tende moja au kipande cha kashata. Nao hawajioni wamenyimwa kitu. Tunda nalo na liliwe kwa meno badala ya kusagwa na kunywewa, kwa sababu chungwa moja huliwa kwa dakika kadhaa na nyuzinyuzi zake hushibisha, ilhali bilauri ya juisi humeza machungwa matatu au manne kwa pumzi moja.

Kutoka kwenye birika twende kwenye sahani. Mtu wa kwetu akiulizwa amekula nini hujibu wali, au ugali, au ndizi, na kilichofuatana nacho hukiita kitoweo, kana kwamba samaki, maharage na mchicha ni wasindikizaji tu wa bwana arusi. Lugha yenyewe imeuweka wanga kitini, na mkono wa mpakuaji hufuata lugha: kilima cha wali kwanza, mchuzi juu yake, na mboga za majani pembeni kama mapambo. Nashauri mpango huo ugeuzwe bila kubadilisha hata chakula kimoja. Pakua mboga kwanza, zikae katika nusu ya sahani, ziwe mchicha, kisamvu, matembele, bamia au majani ya kunde. Kisha robo iwe ya samaki, dagaa, kuku, mayai, choroko, mbaazi au maharage. Na robo iliyobaki ndiyo ya wali au ugali. Protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu kuliko wanga uliokobolewa, na mtu aliyeshiba kwa mpango huo hatakuwa akitafuta andazi saa mbili baadaye. Wala hili si shauri la matajiri, maana fungu la mchicha na kisahani cha choroko ni katika vitu vya bei nafuu sokoni.

Katika ugali pana neno la pekee. Mahindi yakipelekwa mashineni yakakobolewa, ganda na kiini chake huondolewa, hubaki unga mweupe tuuitao sembe, nao umekuwa alama ya ungwana wa meza. Unga wa mahindi mazima, yaani dona, ukaonekana chakula cha shuleni na cha kambini. Lakini katika lile ganda na kile kiini ndimo zilimo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini, na tonge la dona hushibisha kwa kipimo kidogo. Mtu aliyezoea sembe na aanze kwa kuchanganya nusu kwa nusu, na baada ya miezi michache atastaajabu jinsi sembe tupu ilivyo chapwa.

Mafuta yataka uangalifu zaidi, kwa kuwa ni chakula kizito kinachojificha. Gramu moja ya sukari au ya wanga ina kalori 4, ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina zaidi ya kalori 120, na mpishi anayemimina kutoka dumu kwa kukisia huweza kutia vijiko sita katika sufuria ya mchicha, akaamini kwamba jamaa zake wanakula majani. Kijiko na kiwe ndicho kibaba cha mafuta. Katika nazi wazee walikuwa na adabu yao: tui la kwanza, lile zito liitwalo kasimile, lilitiwa mwishoni na kwa uchache, na tui la pili, lililo jepesi, ndilo lililopikia. Tukitumia la pili siku za kazi na kuiweka kasimile kwa siku ya mgeni, hatujauvunja upishi wa pwani; tumeurudisha kwenye desturi yake. Muhogo wa kuchemsha na kiazi kitamu cha kuchoma ni maakuli mema, na ni mafuta ya kuukaangia ndiyo huugeuza muhogo ule ule kuwa chakula kingine kabisa.

Nalisema neno hili la upishi wa nyumbani kwa mkazo kwa sababu vyakula vya viwandani vimetuzunguka, vikitangazwa kwa rangi na nyimbo. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, wataalamu wa serikali ya Marekani, walieleza jaribio walilofanya kwa watu 20 waliokaa mwezi mmoja chini ya uangalizi wao. Kwa majuma mawili kila mtu alipewa vyakula vilivyotengenezwa sana viwandani, na kwa majuma mawili vyakula vya kupikwa kwa vitu vya asili. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zilizowekwa mezani zililinganishwa kwa uangalifu, na kila mmoja akaruhusiwa kula atakavyo. Katika majuma ya vyakula vya viwandani walikula kalori kama 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja, na katika majuma mengine wakapungua kiasi hicho hicho. Tena ilionekana kwamba vyakula vya viwandani walivila haraka zaidi, kwani ni laini na havidai kutafunwa, na habari ya shibe huchelewa kufika ubongoni hata mtu akawa amekwisha kupita kipimo chake.

Hapo adabu za kale za sinia hupata maana mpya. Tulifundishwa kufinyanga tonge dogo, kula kilicho mbele yetu bila kupeleka mkono kwa mwenzetu, kumeza kwanza kabla ya kuchukua jingine, na kungoja wakubwa waanze. Mimi nilizichukua adabu hizo kuwa ni heshima kwa watu tu; sasa naziona kuwa ni heshima kwa tumbo pia, kwa sababu kila moja katika hizo huupunguza mwendo wa mkono. Alaye peke yake mbele ya televisheni au simu hana wa kumngoja, na mkono wake huenda na kurudi kama mkono wa mtu mwingine.

Wapo watakaouliza: je, riadha haitoshi? Jawabu moja lilitoka katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa habari za vipimo walivyochukua kwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao huwinda, huchimba mizizi na kurina asali, na hutembea mwendo mrefu kila siku. Ilitarajiwa kwamba wanatumia nguvu nyingi kuliko watu wa mijini huko Marekani na Ulaya, lakini ukubwa wa mwili ulipotiwa katika hesabu, matumizi ya siku yalikutwa kuwa karibu sawa. Mwili unaofanya kazi nyingi hujibana mahali pengine. Hivyo mtu asiutumaini mwendo wa jioni kufuta sahani ya chipsi. Lakini asiuache, kwa sababu mwendo hutia nguvu moyo, hushusha sukari ya damu, huleta usingizi mwema, na usingizi mwema wenyewe ni ngao, kwani mtu aliyelala saa chache huamka na tamaa ya vitamu na vya mafuta. Tena mwendo husaidia sana kuulinda uzito uliokwisha kupungua.

Kwa maana wapo waliopungua na wakadumu, na ni wajibu kuwatazama hao kuliko kuwatazama wanaotangaza dawa. Mwaka 1994, ule ule wa kugunduliwa leptini, Rena Wing na James Hill walianzisha huko Marekani daftari la kuwaandika watu waliopungua walau kilo 13 na nusu na kuushika upungufu huo kwa mwaka au zaidi. Maelfu wamejiandikisha. Njia walizopungulia ni nyingi, lakini mazoea waliyodumu nayo yanafanana: wengi wao hula chakula cha asubuhi kila siku, hujipima uzito angalau mara moja kwa juma, hutembea au kufanya kazi ya mwili kama saa moja kila siku, na hutazama televisheni kwa saa chache. Hakuna muujiza katika orodha hiyo, bali kuna kiganja kinachopita juu ya ukingo kila asubuhi. Asiye na mizani nyumbani asisikitike. Mwanamume na atazame tundu la mkanda wake, na mwanamke avaaye shanga kiunoni anajua kabla ya tabibu yeyote siku uzi unapoanza kukaza. Na mwenye utepe wa fundi cherehani na ajue kwamba kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80, na cha mwanamume kikizidi 94, ni wakati wa kurekebisha kipimo. Wajawazito, wanyonyeshao, watoto, na wenye kisukari watumiao dawa au sindano, wasipunguze chakula kabla ya kuonana na tabibu.

Limebaki shaka la mwisho, nalo kwetu ni zito kuliko yote: tutafanyaje na ukarimu? Tumelelewa kuamini kwamba kukataa chakula cha mtu ni kuukataa moyo wake. Naikumbuka siku niliyomzuru shangazi yangu baada ya kuanza kushika kiasi. Alinipakulia, nikala, akanyanyua upawa tena.

"Ongeza mwanangu, hujala kitu."

"Shangazi, mikono yako ina baraka, nimekula na nimeshiba. Nifungie kidogo, nikale kesho nikukumbuke."

Alicheka, akanifungia, na wala hakuudhika. Kwa sababu alichotaka ni kujua kwamba chakula chake kimependwa, na hilo niliweza kumpa pasipo kulijaza tumbo. Tangu siku hiyo sijapata mwenyeji aliyekasirishwa na neno la shukrani likisemwa kwa adabu.

Na ikiwa ni siku ya arusi, au ya maulidi, au Idi yenyewe, basi msomaji wangu, kula pilau na ushibe, uionje halua na uipokee kahawa. Siku hizo hazikuumbwa kwa kupimwa. Bibi yangu aliishi hata akawa mkongwe, na sikumwona akiwa mnene wala akiwa na njaa. Naye hakuogopa kibaba cha tele, kwa sababu alijua kwamba asubuhi inayofuata atasimama mbele ya pipa lile lile, achote, ainue, na apitishe kiganja chake juu ya ukingo.